Vitofali vya Kuchezea na Majumba Yetu

Wapo wasemao kwamba kujenga mfano wa jumba kwa vitofali vya plastiki ni mchezo wa watoto. Wapo na wengine, nao wapotovu zaidi, wanunuao sanduku kutoka ng'ambo lenye kijitabu cha maelekezo, wakapachika kipande kimoja juu ya kingine kama walivyoamriwa, kisha wakaiweka Taj Mahal mezani na kupokea hongera. Taj Mahal hiyo, iliyotolewa na kampuni ya LEGO ya Denmark mwaka 2008, ilikuwa na vipande 5,922. Mtu aweza kuvipachika vyote asijue upana wa hata dirisha moja la kaburi lile la Agra. Huyo ametii tu, hajajenga.

Mfano wa jengo huwa elimu pale mjengaji alipolipima jengo lenyewe. Chukua nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja. Vinundu vya kitofali hupishana kwa milimita 8, na kimo chake ni milimita 9.6. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, kinundu kimoja ni sentimita 80 za nyumba. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa kama nusu mita, hauna pa kukaa. Hapana budi kwenda 1 kwa 50, ambapo kinundu ni sentimita 40, na ukuta hukaribia kinundu kimoja. Hapo chumba cha upana wa mita 2.8 huchukua vinundu 7 barabara, na kijana atauliza kwa nini chumba kirefu vile kikawa chembamba hivi. Jibu liko darini: urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Swali hilo halimo katika kijitabu cha sandukuni. (Nakshi za mlango aziache, vitofali havina ulimi wa kuzisema.)

Wala hili si jambo la kupitishia jioni. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Jengo likisha anguka, fundi wa kulirudisha huuliza vipimo. Sifa za watalii hazimfai kitu.

Mtaniambia vitofali ni ghali, tena ni vya kigeni. Ni kweli, na kadibodi yaweza kutumika. Lakini kitofali kina fadhila yake: kosa hubomolewa papo hapo, na vipande vile vile vikajenga upya. Utepe wa kupimia, huo hauna badala. Shule za Unguja mjini, za Lamu na za Bagamoyo zina kuta za kale jirani nazo. Mwalimu wa hisabati na awatoe wanafunzi darasani, waanze na baraza iliyo karibu, kwa idhini ya mwenye nyumba.