Sapatu ya Bibi

Mwezi huu twataka kuwapasha habari za ua moja la mwitu la Ulaya. Kwa Kilatini laitwa Cypripedium calceolus; Waingereza walilifananisha na kiatu cha bibi, nasi twaliita Sapatu ya Bibi. Ni la jamii ya okidi, ukoo mmoja na vanila. Petali zake ni nyembamba, za rangi ya damu ya mzee, na katikati hutokeza kifuko cha manjano mfano wa ncha ya kiatu.

Kiatu hicho ni mtego. Nyuki mdogo huvutwa na harufu, akatumbukia ndani, asikute asali hata tone moja. Kuta zateleza, wala hawezi kutoka alikoingilia. Njia ni moja tu, upenyo mwembamba ulio nyuma; naye apitapo hapo kwa kujisukuma, huiacha chavua aliyotoka nayo katika ua jingine, kisha hupakwa nyingine mgongoni. Basi hutoka na njaa yake, na kazi ya ua imekwisha fanyika.

Ua hili humea tangu Ulaya hata mashariki ya Asia, katika misitu isiyo na kivuli kizito, penye mawe ya chokaa. Katika Uingereza lilikuwako pande za kaskazini. Watu walilipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoliangamiza: huyu alichuma, huyu aling'oa na mizizi akapande bustanini kwake, na yule alilikausha kuliweka katika makaratasi yake. Hata mwaka 1917 ikasemwa kwamba limekwisha kabisa.

Kumbe sivyo. Mwaka 1930, katika Yorkshire, likaonekana shina moja. Moja tu! Waliolijua wakafumba vinywa, wasitaje mahali pake. Na baadaye, majira ya kuchanua yalipofika, likawekewa walinzi. Sisi tuliozoea kufundisha kwamba maarifa ni ya kugawiwa watu wote, twakiri kwamba habari hii ilitufikirisha sana.

Lakini kulinda hakukutosha, kwa maana okidi hii ni ngumu kuongezeka. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Porini haioti isipolishwa na kuvu wa udongoni, na mche hukaa miaka mingi kabla ya kuchanua. Wataalamu wa bustani ya Kew, London, wakajifunza kuziotesha mbegu katika chupa. Miche ikaanza kurudishwa porini mwaka 1989, na ua la kwanza likafunguka mwaka 2000, baada ya kungojewa miaka kumi na mmoja.

Mingine ilipandwa Gait Barrows, katika Lancashire, makusudi watu wapate kuitazama. Lakini lile shina la Yorkshire, mahali pake hapakutangazwa.