Barua ya Mheshimiwa Haitakupeleka Maabara

Wiki hii kijana mmoja wa Kimbo, mwaka wa tano udaktari, amenitumia barua zake tatu za mapendekezo. Anaomba nafasi ng'ambo, kwenye programu ya kufunza madaktari watafiti. "Siz, cheki, hizi si zimeiva?" Ya kwanza ni ya mkuu wa kitivo, ya pili ya pasta, ya tatu ya MCA. Zote zina mhuri. Zote zinasema ana nidhamu, anafika kwa wakati, anatoka familia isiyojiweza. Hakuna hata moja inayosema amewahi kushika hadubini.

Manze nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu upuzi huo nimeufanya mimi mwenyewe.

Tabia hii tumeitoa mtaani. Ukikulia Kiuu, barua ni mhuri. Unataka kitambulisho, nenda kwa chifu. Unataka basari, fomu ipite kwa chifu, kwa pasta, kwa mwalimu mkuu. Maneno yaliyo juu ya mhuri nani anayasoma? Karani anaangalia kama wino umeshika. Basi tukifika chuo tunadhani barua ya mapendekezo ni ya chifu tu, ila chifu mkubwa zaidi. Tafuta mwenye cheo kuwaliko wote, apige saini, umeomoka.

Sasa jua wanaoisoma ni akina nani. Ni wanasayansi. Wanatafuta mtu atakayetibu mgonjwa asubuhi, na mchana arudi kuuliza kwa nini dawa ilikataa. Mtu kama Faith Osier, aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia kwenye utafiti wa malaria Kilifi, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Marekani, serikali imekuwa ikilipia mafunzo ya aina hiyo tangu 1964, udaktari na uzamivu kwa pamoja, na mtu hukaa humo miaka saba au minane hivi. (Kabla hujachangamka: pesa hizo za serikali ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Soma masharti kabla ya kulipa ada ya maombi.) Wengi wetu tutamaliza udaktari hapa kwanza, tuingie mahali kama Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wana programu tangu 1989, ndio tusake uzamivu. Njia yoyote utakayopita, swali la mezani ni moja: majaribio yakigoma, huyu atafanya nini? MCA hajui. Pasta hajui. Hata mkuu wa kitivo hajui, na simlaumu sana, mko zaidi ya mia mbili darasani.

Mimi kuna aliyekuwa anajua. Miezi mitatu nilikuwa atachi kwenye maabara, nikisoma slaidi za malaria. Unahesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, slaidi baada ya slaidi, macho yakitoa machozi. Wiki ya pili hesabu zangu hazikulingana na za msomaji mwingine. Daftari lilikuwa langu, ningerekebisha namba na maisha yaendelee. Nikamwambia daktari aliyenisimamia. Hakufoka. Tulirudia slaidi zote, Jumamosi, hadi giza likaingia.

Daktari huyo alikuwa bado anasoma uzamivu. Hana ofisi, hana jina, viatu vimechoka. Wakati wa kuomba programu ulipofika nikamruka. Nikaenda kwa profesa mkubwa, nikakaa nje ya mlango wake siku tatu, akaniambia, "Andika wewe, ulete nisaini." Nikaandika. Nilijisifu kwa Kiingereza cha insha ya mtihani. Kwenye mahojiano mama mmoja akaniuliza kwa upole: "Ulifanya kazi hapa miezi mitatu. Mbona hakuna mtu wa huko aliyekuandikia?" Sikuwa na jibu. Ile barua ambayo haikuwepo ndiyo walikuwa wameisoma kuliko zote. Waliniangusha, na sisemi ni kwa sababu hiyo pekee, lakini swali lile hadi leo huniamsha usiku.

Nyinyi wahadhiri wa "andika nisaini", nanyi pia mna kesi ya kujibu. Kama humjui mwanafunzi, mwambie humjui, aende kwa anayemjua. Kumpa aandike ushahidi wake mwenyewe kisha uuwekee jina lako ni uongo wa watu wawili. Na msomaji hushtuka akikuta barua tatu za watu watatu zina sentensi zinazofanana na makosa yaleyale ya koma.

Najua mtakachosema kwenye komenti: Kenya bila mtu mkubwa hutoboi. Kwenye foleni za kazi sitabisha, nimeziona. Na mkubwa anayekujua kweli ni dhahabu, mshike. Lakini kama anayekujua ni mdogo, kuna dawa: aandike yeye, na bosi wa maabara atie saini pamoja naye. Hiyo inakubalika, ni kuomba tu. Omba mapema, wiki sita kabla. Na usiulize "utaniandikia?" Uliza, "Daktari, unanijua vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito?" Akisita, mshukuru, ondoka.

Kitu kimoja sina jibu lake. Kuwa atachi bila malipo ni nauli ya kutoka 45 kila asubuhi, na chakula, na kuna wasee wenye akili kunishinda ambao miezi hiyo walikuwa wanauza nguo sokoni Githurai ndio ada ipatikane. Hao nani atawaandikia? Vyuo vinavyodai barua hizi vinafaa kulipa atachi kwanza, hata kama ni nauli tu.

Mwaka huu naomba tena. Nilimpigia yule daktari, nikamwomba msamaha. Akasema sawa, ila nimpelekee daftari la slaidi, anataka kuona tarehe ya ile Jumamosi. Baba naye, bila kuniuliza, amepitia kwa chifu akaniletea barua yenye mhuri safi kabisa. "Iongeze tu, haina madhara." Nimemwambia asante baba, nikaiweka kwenye droo.