"INGEKUWA" ZA NFL: MNALILIA MPIRA ULIOTELEZA, MLANGO ULIOFUNGWA MNAUKWEPA!

Kila msimu wa NFL ukikaribia kuisha wanaibuka wale wale. Majina yabaki kapuni, wenyewe wanajijua. Wachambuzi wa mitandaoni, wana jezi orijino na bando lisiloisha, na kazi yao ni moja tu: "ingekuwa."

Ingekuwa Seattle wamempa mpira Marshawn Lynch ile Februari 1, 2015, wakiwa yadi 1 tu kutoka mstari na zimebaki sekunde 26! Wao wakarusha pasi, Malcolm Butler akainasa, New England wakabeba ubingwa 28–24. Ingekuwa teke la Scott Norwood la yadi 47 halikupita pembeni Januari 1991, Buffalo wasingekufa 20–19 mbele ya Giants! Ingekuwa Drew Bledsoe hakugongwa Septemba 2001 mpaka akavuja damu kwa ndani, Tom Brady, kijana aliyechaguliwa wa 199 kwenye drafti ya 2000, angebaki benchi na zile pete 7 zisingekuwepo!

Sawa, stori tamu, hakuna anayebisha. Lakini hebu ziangalieni vizuri. Mkosaji ni nani humo? Mpira. Mguu. Kocha aliyechanganyikiwa sekunde moja. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kumnyima mwenzake haki yake. Ndiyo maana wanazipenda. "Ingekuwa" ya bahati haimkasirishi mtu yeyote.

Sasa wawekeeni hii nyingine muone watakavyokimbia.

Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Miaka 12! Kabla ya hapo walikuwepo wachache, halafu wakapotea wote. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, ni wenye timu tu walioelewana kimyakimya. Katikati ya miaka hiyo alikuwepo kijana anaitwa Kenny Washington, staa wa chuo cha UCLA, timu moja na Jackie Robinson yule wa besiboli. Msimu wa 1939 ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa yadi za mashambulizi. Kwenye drafti hakuguswa na timu hata moja.

Akaja kuingia NFL mwaka 1946, ana miaka 28 na magoti yamechakaa kwa majeraha. Na mlango haukufunguliwa na bahati. Rams walikuwa wamehamia Los Angeles wakautaka uwanja wa Coliseum, uwanja wa umma, na waandishi weusi wa mji ule wakakomaa: huwezi kutumia uwanja wa kodi za watu wote halafu unabagua. Rams wakamsajili Washington, na Woody Strode naye. Mwaka uliofuata, na magoti yale yale mabovu, Washington alikimbia na mpira yadi 92 kwa mkupuo mmoja. Hadi leo Rams hawajapata mbio ndefu kuliko hiyo.

Haya, "ingekuwa" yake iko wapi? Ingekuwa ameingia 1940, magoti mazima, ana miaka 22? Hapo kimya. Mitandao yote imeishiwa bando ghafla.

Huwa wanajitetea hivi: "Wangekuwa na uwezo wangeonekana tu." Haya, mchukueni Warren Moon. Ni kwotabeki, yaani yule anayeongoza kila shambulizi na kurusha pasi, kichwa cha timu. Januari 1978 alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, moja ya mechi kubwa kabisa za vyuo. Timu za NFL zikamwona hafai namba ile, maana kwa macho ya wengi wakati ule mtu mweusi alikuwa wa kukimbia, sio wa kufikiri. Akaenda zake Kanada, akabeba kombe la kule mara 5 mfululizo na Edmonton. Mwaka 1984 ndipo akaingia NFL kupitia Houston, na leo yumo kwenye ukumbi wa magwiji wa mchezo huo. Yeye alikuwa na moyo wa kwenda ugenini kusubiri miaka 6. Wale ambao hawakwenda mnawajua majina?

Mmoja huyu hapa: Marlin Briscoe. Mwaka 1968 alianza kama kwotabeki wa Denver, akarusha pasi 14 za tachidauni akiwa mgeni kabisa. Msimu uliofuata hakupewa hata nafasi ya kuipigania namba yake. Akaenda Buffalo, akageuzwa mpokea pasi, na baadaye akawa kwenye kikosi cha Miami cha 1972 kilichomaliza msimu bila kupoteza mechi. Mtu bingwa kwenye namba ambayo sio yake! Kwenye namba yake angefika wapi?

Halafu kuna wale wa "hayo ya kale, mpira usiletewe siasa." Aliyeileta siasa nani? Mwenye timu ya Washington aligoma kuchukua wachezaji weusi mpaka 1962, akalegea tu baada ya serikali kumtishia kumnyima uwanja. Na kama ya kale yameisha, Colin Kaepernick aliyeipeleka San Francisco kwenye Super Bowl ya 2013 alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa msimu wa 2016 kupinga weusi kuuawa na polisi. Msimu ulipoisha akawa mchezaji huru, na hakuna timu iliyomsajili tena. Goti lake lilikuwa zima kabisa.

Super Bowl ya kwanza yenye makwotabeki wawili weusi walioanza, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, ilichezwa Februari 2023. Ilikuwa ya 57. Mechi ikaisha 38–35, moto mwanzo mwisho. Kwa hiyo mkiulizwa NFL ingekuwaje bila ile milango kufungwa, jibu mlilitazama wenyewe usiku ule mkishangilia.

Endeleeni na yadi 1 ya Seattle, hamkatazwi. Ila ukizoea kuita kila kitu bahati, siku mlango utakapofungwa usoni kwako utakaa nje unajilaumu, wakati aliyeushika komeo yuko ndani anakunywa chai.

Mwenye "ingekuwa" ya kweli aishushe hapo chini. Za upepo na nyasi kuteleza, pelekeni kule kwao.