Samaki wafa tangini, binti wa kazi asingiziwa

Najua niliwaahidi mada ya mapazia, lakini mapazia yatangoja. Kuna barua imenifikia mezani na mwisho wa mwezi ndio huo unabisha hodi.

Kaandika baba mmoja wa Tabata. Anasema alinunua tangi la samaki la kioo, futi tatu, akaliweka sebuleni. Akamtuma kijana Kigamboni amletee mchanga wa ufukweni, ule mweupe peee. Mchanga ukamwagwa tangini vilevile ulivyokuja, maji ya bomba yakajazwa, na jioni ileile wakaingizwa goldifishi sita. Siku ya pili samaki wakawa wanahemea juu ya maji. Siku ya tano wote chali. Mama mwenye nyumba naye kaamua kwamba binti wa kazi ndiye aliyetia maji ya sabuni, na binti keshaambiwa afungashe virago arudi kwao Singida.

Ngoja kwanza, shemeji! Sabuni inaua samaki, sikatai. Lakini kwa maelezo ya mumeo mwenyewe, mle tangini mlikuwa na mambo ya kutosha kuua bila mkono wa mtu.

Tuanze na huo mchanga. Mchanga wa ufukweni ambao haujaoshwa unakuja na chumvi, vipande vya kombe na matumbawe, na vijidudu na majani ya bahari ambayo yakifia ndani ya maji baridi yanaoza. Kuoza kunatoa amonia. Kinyesi cha samaki na pumzi yao vinatoa amonia pia, na goldifishi ni mlaji, kwa hiyo uchafu wake si haba. Amonia inaunguza mashavu yale anayopumulia. Ndiyo maana ulimwona anahema juu ya maji kama mtu aliyekimbizwa.

Tangi lililokaa halina shida hiyo. Ndani yake kuna bakteria, hawaonekani kwa macho, wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, halafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa kidogo. Hao bakteria wanakaa wapi? Kwenye filta na juu ya chembe za mchanga. Lakini wanahitaji kama mwezi hadi wiki sita kuongezeka, na kaka yangu wa Tabata aliwapa saa tatu! Juu ya hayo, maji ya bomba yalikuwa na klorini yake, hayakulazwa hata usiku mmoja. Bwana wee, hata angeajiri mlinzi wa kukaa na bunduki pembeni ya tangi, wale samaki walikuwa wanakwenda tu.

Binti aachwe afanye kazi yake. Na kama mshahara wake ulikatwa kufidia samaki, urudishwe.

Sasa, usiukatie tamaa mchanga. Mimi naupenda kuliko zile kokoto za kupakwa rangi ya waridi na buluu zinazouzwa madukani, ambazo kusema kweli hunikumbusha keki ya harusi iliyoanguka. Tena goldifishi mwenyewe anapenda mchanga. Kazi yake kutwa ni kuchota mdomoni, kuchuja chakula na kutema. Kokoto ya saizi mbaya inaweza kumkwama kooni, lakini mchanga unapita.

Ila chukua mchanga wa mto, ule ambao mafundi wanaupitisha kwenye chekeche kwa ajili ya plasta. Chukua kabla haujakaribiana na saruji. Ukiuona ni wa kusagwa, wenye ncha kali, uache. Weka kiganja kimoja kwenye kikombe, umimine siki. Ukitoa mapovu, una chokaa au kombe ndani yake, nao utayafanya maji yawe magumu. Usije ukajitia ujuzi wa kutumia asidi ya betri, macho hayauzwi dukani.

Tangi la futi tatu, sentimita 90 kwa 30, likiwekwa mchanga wa kina cha sentimita 4 linachukua lita 11 hivi, ndoo ndogo na ushee. Kavu ni kama kilo 17. Osha kidogo kidogo: nusu ndoo, maji, koroga kwa mkono, mwaga yale machafu, rudia. Mara ya tano utachoka, mara ya kumi utanitukana. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Sabuni hapana, hata tone.

Kama unataka mawe makubwa tangini, yalaze kwanza chini kabisa, ndipo mchanga uyazunguke. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki mchimbaji atafukua chini yake, jiwe litalala upande na kioo kitapasuka. Tangi la saizi hiyo linabeba kama lita 100. Hebu fikiria lita mia moja juu ya zulia la shemeji.

Ukijaza maji, weka sahani juu ya mchanga na umimine taratibu kwenye sahani, la sivyo utapata uji. Na ile filta ya kulazwa chini ya kokoto haifai hapa, mchanga utaiziba. Tumia ya kuning'inia au ya sponji, na mdomo wake wa kunyonya uwe juu kidogo.

Usirundike mchanga kama tuta la viazi. Ukiwa wa kina kirefu na hakuna anayeuchokoa, hewa haifiki chini na inajitengeneza gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Kila wiki pitisha kijiti au vidole taratibu.

Halafu, na hili linaniuma, kwa nini sote tunakimbilia goldifishi? Huyo kafugwa China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi tuna Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na Wazungu wanalipa fedha kuwapata samaki wa huko wenye ukoo na perege. Yupo wa Tanganyika, Lamprologus ocellatus, mdogo kama kidole, anayeishi ndani ya kombe la konokono na kulifukia mchangani mpaka ubaki mlango tu. Yupo wa Nyasa, Fossorochromis rostratus, akitishwa anapiga mbizi mchangani mzimamzima. Huyu ni mkubwa, tangi la futi tatu halimtoshi. Na yupo tapeli mmoja wa Nyasa, Nimbochromis livingstonii, anajilaza chini kama mzoga, vidagaa wakija kudonoa anawameza.

Hao wa Tanganyika maji yao ya asili ni ya alkali, pH kati ya 8.5 na 9 hivi. Kwao ule mchanga wenye vipande vya kombe unafaa, mradi uoshwe mpaka chumvi iishe.

Kwa hiyo, kaka wa Tabata, mwaga yote, anza upya na mchanga wa mto. Jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akikupa kiganja cha mchanga wake na kipande cha sponji ya filta, ameshakupa bakteria. Lisha maji chembe ya chakula, subiri, na ukipata karatasi za kupimia amonia, zitumie. Ikisoma sifuri, na naitraiti nayo sifuri, tia samaki wawili. Sita ni wengi kwa tangi hilo, goldifishi akikua anapita sentimita 15.

Mapazia wiki ijayo, Mungu akipenda.