Meza iliyojaa Jumamosi hailipi kodi ya Jumanne

WAFANYABIASHARA wengi wa Dar es Salaam wanapotafuta mahali pa kuweka akiba yao hawakosi kutaja mgahawa. Sababu yao inaonekana kwa macho. Jumamosi jioni na Jumapili mchana, kuanzia bustani za nyama choma za Sinza na Mwenge hadi migahawa ya hadhi ya juu ya Masaki na Oysterbay, watu ni wengi. Baba, mama, watoto, shemeji na marafiki wa familia wamezunguka meza moja, wahudumu wanapishana mbio na magari yamekosa pa kuegesha. Anayepita na kuona hayo huanza kuzidisha idadi ya sahani kwa bei yake, na kabla hajafika nyumbani ameshajiona tajiri.

Hesabu ya namna hiyo imemaliza mitaji ya watu waliokuwa na maduka mazuri, na kiinua mgongo cha wastaafu ambao hawakuwa na kingine. Ukweli wa mambo ni kwamba mgahawa haufi Jumamosi. Unakufa Jumanne, saa nane mchana, wakati mpishi amesinzia, majokofu yanakula umeme na kodi ya pango inahesabika kama kawaida.

Hesabu ya wiki nzima

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mteja mmoja wa mgahawa wa wastani, akila na kunywa, analipa sh. 20,000. Katika fedha hizo, Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 inaondoka na takriban sh. 3,050. Zinabaki sh. 16,950. Chakula na kinywaji chenyewe, pale ambapo stoo inasimamiwa vizuri na hakuna anayetoka na kuku mlango wa nyuma, hugharimu kama theluthi ya kiasi hicho, yaani sh. 5,650. Mwenye mgahawa anabaki na sh. 11,300 kwa kila kichwa.

Kisha zinakuja gharama zisizojali kama mteja amekuja au hakuja: pango, mishahara, umeme wa majokofu, ulinzi, leseni na marejesho ya mkopo. Zikiwa sh. 600,000 kwa siku, kwa wiki ni sh. 4,200,000. Ili fedha hizo zirudi, mgahawa unahitaji wateja 372 kila wiki.

Mgahawa huo ukipata wateja 70 Ijumaa, 110 Jumamosi na 100 Jumapili, kila apitaye atasema mwenyewe amepata. Lakini kama kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi wanaingia watu 20 tu kwa siku, jumla ya wiki ni 360. Mwenye mgahawa anabakiwa na sh. 4,068,000, wakati gharama zake ni sh. 4,200,000. Anapata hasara ya sh. 132,000 kila wiki huku viti vya Jumamosi vikigombewa. Kwa mwaka mzima hasara hiyo inapita sh. milioni 6.8.

Wakiongezeka wateja kumi tu katika kila moja ya siku hizo nne, jumla inafika 400 na mgahawa uleule unapata faida ya sh. 320,000 kwa wiki. Hakuna kiti kilichoongezwa wala bei iliyopandishwa. Tofauti ya tajiri na mfilisika, katika mfano huu, ni watu kumi wa siku ya kazi.

Familia haikai nusu saa

Wapo watakaouliza kwa nini wateja hao kumi wasitafutwe Jumamosi, siku ambayo watu wana hamu ya kutoka. Jibu ni kwamba siku hiyo viti vimekwisha, na waliovikalia hawana haraka. Familia ya watu wanane inachukua meza mbili kwa saa tatu. Bibi anataka supu isiyo na pilipili, watoto wanagawana sahani moja ya chipsi kuku na kukimbilia bembea, na kama ni siku ya kuzaliwa, keki imetoka nyumbani na mgahawa unaombwa visu na sahani. Katika muda huohuo, meza mbili hizo zingeweza kubadilisha wateja wa mchana wa kazini mara nne.

Aidha, katika mila za huku, aliyealika ndiye mlipaji. Bili ya watu wanane inatoka mfuko mmoja, na mwenye mfuko huo husoma bei kabla ya kusoma jina la chakula. Ndiyo maana Jumamosi ya tarehe 27, mshahara ukiwa mkononi, haifanani na Jumamosi ya tarehe 18, mwezi ukiwa kona. Hali kadhalika, Ramadhani ikiingia, mauzo ya mchana katika miji ya pwani hushuka na biashara huhamia kwenye futari.

Haya yasichukuliwe kuwa lawama kwa familia. Mteja anayeleta watoto leo anajenga mgahawa wa miaka kumi ijayo, na Jumapili meza yake haina mgombea mwingine. Ila mwekezaji anayetegemea familia peke yake amenunua siku mbili za biashara na anazilipia siku saba.

Waliojaza siku za katikati

Migahawa iliyodumu Afrika Mashariki karibu yote ina jibu la Jumanne. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilipata umaarufu kwa wakazi wa jiji na pia kwa watalii, na mtalii hana Jumanne wala Jumamosi, kwake kila siku ni mapumziko. Java House ilianza mwaka 1999 kwa duka moja la kahawa jijini humo. Mteja wake wa asubuhi alikuwa mtu wa ofisini aliyekwenda kunywa kahawa, kusoma gazeti au kukutana na mwenzake wa biashara, na Jumapili mtu huyohuyo alirudi na mkewe na watoto. Biashara ya namna hiyo iliwavutia wenye fedha kubwa: mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Emerging Capital Partners ilinunua sehemu kubwa ya Java, na mwaka 2017 ikaiuzia Abraaj ya Dubai. Abraaj yenyewe ilianguka mwaka 2018 kwa matatizo yake, lakini migahawa iliendelea kuuza kahawa.

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji safari ya Nairobi. Mama lishe wa Kariakoo au Posta anaijua hesabu hii bila kukaa darasani. Wateja wake ni watu wa kazi, wanakuja Jumatatu hadi Ijumaa saa ileile, wanakula wali maharage au ugali samaki kwa dakika ishirini, wanalipa na kuondoka. Jumapili anapumzika kwa sababu anajua hawaji. Pango lake ni dogo na chakula kinachobaki ni kidogo. Mwenye mgahawa wa hadhi anamdharau, lakini kwa kila shilingi iliyowekwa, huenda mama lishe ndiye anayelala usingizi mzuri zaidi.

Jiko la kukodi

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hamu ya kuingia katika biashara hii, Dar es Salaam ina utaratibu wake wa siku nyingi ambao haupewi heshima inayostahili. Katika baa nyingi, mwenye baa anauza vinywaji na jiko analikodisha. Mtu mwingine anachoma nyama, mishikaki na ndizi, anakaanga chipsi na kuku, na kuuza kwa wateja walewale. Familia iliyokaa mezani inaona biashara moja, kumbe fedha zake zinagawanyika: za kaunta zinakwenda kwa mmoja, za jiko kwa mwingine.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hatari nayo inagawanyika. Mwenye jiko halipii viti, muziki wala eneo la kuegesha magari. Akikosea anapoteza kodi ya jiko ya miezi michache, badala ya kupoteza pango la mwaka mzima lililolipwa kwa mkupuo pamoja na gharama za marumaru na viyoyozi ambavyo hawezi kuondoka navyo. Hatari yake kubwa ni mwenye baa mwenyewe, ambaye akiona jiko limeshamiri anaweza kulitamani. Kwa hiyo mkataba uandikwe, utaje muda na notisi, na usiishie kwenye kupeana mikono.

Asiyetaka moshi wala wahudumu ana njia nyingine. Kampuni ya bia ya TBL imo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 1998. Mwenye hisa zake ana sehemu ndogo katika kila meza inayoagiza bia zake, kuanzia Sinza hadi Mwanza, na gawio likitangazwa halimuulizi kama mgahawa fulani wa Masaki ulijaa. Hisa nazo hupanda na kushuka, lakini angalau hazidai mshahara wa mpishi mwisho wa mwezi.

Kabla ya kutoa kilemba

Wapo watakaoamua kununua mgahawa unaofanya kazi tayari, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji humkaribisha mnunuzi Jumamosi usiku, humketisha mezani, humwandalia mbuzi mzima na kumwonyesha umati. Mnunuzi anakula, anashiba na kutoa kilemba.

Mnunuzi makini aende Jumanne, bila kualikwa. Aketi saa tatu mchana kutwa na saa tatu usiku, ahesabu vichwa, kisha arudi Jumatano ya katikati ya mwezi afanye hivyohivyo. Aombe taarifa za kila siku za mashine ya EFD, mashine zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Karatasi zile zina tarehe, na tarehe haziwezi kuchomewa mbuzi. Aulize pia kama biashara imesajiliwa VAT, kwani tangu Julai 2023 usajili ni lazima mauzo ya mwaka yakifikia sh. milioni 200, na mgahawa wa mfano uliotajwa hapo juu unapita kiwango hicho kwa mbali. Asome mkataba wa pango aone kodi inapandaje. Kanuni za Machi 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni zimepunguza adha ya pango la dola, lakini hazikumzuia mwenye nyumba kuongeza shilingi.

Mgahawa ni biashara halali na wapo walioisomeshea watoto. Hao ni wale waliojua nani atakaa kwenye viti vyao siku ambayo hakuna sikukuu, hakuna mshahara na hakuna mpira. Muuzaji akikataa kuonyesha Jumanne zake, mnunuzi abaki na fedha zake.