Ukiambiwa figo ni sawa, uliza maswali matatu

NDUGU msomaji, je, umewahi kutoka maabara na karatasi iliyojaa tarakimu, ukaambiwa "figo ni sawa", ukaikunja na kuitia mfukoni? Wengi wetu hufanya hivyo. Wengine nao huona herufi H kando ya tarakimu moja, wakakosa usingizi juma zima wakidhani wameandikiwa kifo. Makundi haya mawili yana tatizo moja. Yametegemea tarakimu moja, ilhali tarakimu moja haitoshi kueleza hali ya figo.

Juma hili tuikunjue karatasi hiyo tuisome pamoja. Nia si kukufanya daktari, bali ukiketi mbele ya daktari ujue la kumwuliza.

Kazi ya figo

Figo ni mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, na zimekaa upande wa mgongo karibu na mbavu za chini. Kila figo ina vichujio vidogo mno, vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja, figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachosalia, lita moja au mbili hivi, ndicho mkojo. Aidha, figo husawazisha maji na chumvi, husaidia kudhibiti presha na kuimarisha mifupa, na huuchochea mwili kutengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aghalabu hupungukiwa na damu.

Tumejaliwa akiba kubwa ya vichujio hivi, na hapo ndipo penye hila ya maradhi haya. Vichujio vinaweza kufa kimyakimya kwa miaka mingi, na mwenyewe akaendelea kupanda matatu asubuhi na kurudi jioni bila kuhisi lolote. Kuvimba miguu na uso, kichefuchefu, kuwashwa mwili na uchovu usiokwisha mara nyingi huja wakati sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Anayengoja kuugua ndipo apimwe hungoja kwa hasara.

Kipimo cha damu

Hospitali zetu hukiita kipimo hiki UEC, yaani yurea, elektrolaiti na kreatinini. Yurea ni taka inayotokana na protini. Hupanda pia mtu anapokosa maji mwilini, kwa hivyo peke yake haihukumu figo. Elektrolaiti ni chumvi za damu, kama vile sodiamu na potasiamu. Potasiamu ikizidi mno huweza kusimamisha moyo. Kreatinini nayo ni taka itokayo kwenye misuli, na ndiyo hutazamwa zaidi, kwa kuwa figo zikilegea hurundikana kwenye damu.

Lakini kreatinini ina ujanja wake. Mwenye misuli mingi hutoa nyingi, na mwenye misuli michache hutoa kidogo. Chukua mfano wa watu wawili ambao kreatinini yao ni 90, tarakimu ambayo katika maabara nyingi huhesabiwa kuwa ya kawaida. Mmoja ni kijana wa kiume wa miaka 25. Wa pili ni nyanya wa miaka 70. Ukipiga hesabu kwa kanuni inayotumiwa siku hizi, figo za kijana zinachuja kwa kiwango cha 105, hali za nyanya zinachuja kwa kiwango cha 59. Karatasi zao zinasema jambo moja, lakini hali zao ni tofauti kabisa.

Kwa hivyo swali lako la kwanza liwe hili: "Daktari, eGFR yangu ni ngapi?" Herufi hizo ni za kipimo cha kasi ya uchujaji, kinachokadiriwa kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Kwa kijana mwenye afya, huwa 90 au zaidi. Maabara nyingine huiandika chini ya kreatinini, nyingine haziiandiki mpaka uulize.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi Waafrika. Kanuni iliyotolewa mwaka wa 2009 iliongeza karibu asilimia 16 kwenye hesabu ya kila mtu mweusi. Nyongeza hiyo peke yake ingegeuza 52 ikawa 60, na mgonjwa akaonekana afadhali kuliko alivyo. Kanuni mpya ya mwaka wa 2021 imeondoa nyongeza hiyo. Si vibaya kuuliza maabara yako inatumia ipi.

Mkojo husema mapema

Swali la pili: "Je, mkojo wangu una protini?" Kichujio kizima hakipitishi protini nyingi. Kikianza kutoboka, protini huvuja, na mara nyingi huvuja kabla kreatinini haijapanda. Mkojo wenye povu lisiloisha ni dokezo, ingawa si kila povu ni ugonjwa.

Kuna kipimo rahisi cha kuchovya karatasi maalumu kwenye mkojo, na kuna kingine bora zaidi kiitwacho ACR, ambacho hulinganisha protini iitwayo albumini na kreatinini ya mkojo. Chini ya 3 ni shwari. Kati ya 3 na 30 ni onyo. Zaidi ya 30 ni uvujaji mkubwa. Mtu mwenye eGFR ya 95 na ACR ya 40 yuko hatarini kuliko mwenye eGFR ya 55 asiyevuja protini. Ukipimwa damu pekee umepimwa nusu.

Swali la tatu: "Nirudie lini?" Kreatinini inaweza kupanda kwa muda tu. Umeharisha siku mbili, umeugua malaria kali, umefanya mazoezi mazito, au umekula nyama choma kwa wingi usiku wa kuamkia kipimo. Yote haya huweza kuitikisa. Ndiyo maana ugonjwa wa figo hauitwi sugu mpaka dalili zake zidumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Usihukumiwe kwa karatasi moja, wala usiachiliwe kwa karatasi moja. Hata hivyo, ikiwa kreatinini imepanda ghafla na mkojo umepungua, usingoje miezi mitatu. Hiyo ni dharura.

Hatua tano

Ugonjwa ukithibitishwa, hupangwa kwa hatua tano. Hatua ya kwanza, eGFR ni 90 au zaidi, na ya pili ni 60 hadi 89. Hizi mbili hazihesabiwi kuwa ugonjwa ila pawe na alama nyingine ya madhara, kama vile protini kwenye mkojo. Kwa hivyo mwenye 80 asiye na alama yoyote si mgonjwa wa figo. Hatua ya tatu imegawanyika: 3a ni 45 hadi 59, na 3b ni 30 hadi 44. Ya nne ni 15 hadi 29, wakati ambapo yafaa mgonjwa awe mikononi mwa daktari bingwa wa figo. Ya tano ni chini ya 15, na hapo ndipo huzungumziwa mashine ya kusafisha damu, yaani dayalisisi, au kupandikizwa figo.

Watu wengi wakisikia "hatua ya tatu" hudhani wamebakiza hatua mbili tu waingie kaburini. Sivyo. Hatua hizi si ngazi ambayo lazima kila mtu aishuke mpaka chini. Wengi walio katika hatua ya tatu hawafiki kamwe kwenye mashine, hasa wakitunza presha na sukari. Yule nyanya wetu mwenye 59, akirudia kipimo na kukuta hali ni ile ile bila protini, huenda akaishi miaka mingi akiangaliwa tu.

Ni ya kufanya, si ya kuogopa

Visababishi vikubwa ni kisukari na presha. Mwenye kisukari au presha apimwe damu na mkojo kila mwaka. Yafaa pia apimwe aliye na virusi vya Ukimwi, mwenye mzazi au ndugu aliyeugua figo, na mzee ambaye mkojo humtoka kwa shida kwa sababu ya tezi dume.

Presha ikishuka chini ya 130/80, figo nyingi hupumzika. Dawa kama enalaprili na losartani hushusha presha na kupunguza uvujaji wa protini. Siku hizi kuna pia dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari na sasa hutumiwa kulinda figo hata za wasio na kisukari. Zote ni za kuandikiwa na daktari. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo, ukihesabu pia iliyo kwenye mkate na chipsi.

Jihadhari na kemisti ya mtaani. Diklofenaki na ibuprofeni humezwa kama peremende kwa sababu ya mgongo na magoti, kumbe zikitumiwa kwa muda mrefu huumiza figo, na kwa figo zilizo dhaifu hata siku chache zaweza kudhuru. Mitishamba isiyojulikana ni hatari vilevile. Usiache ndizi au maharagwe eti kwa sababu jirani alikatazwa. Vyakula vya potasiamu hupunguzwa damu ikionyesha haja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dayalisisi ni mara mbili au tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hugharimia vikao hivyo kwa waliojisajili na kulipa, lakini hailipi nauli, wala siku za kazi zilizopotea, wala karo ya mtoto ambaye mzazi wake hawezi tena kufungua kibanda. Ukilinganisha na hayo, kipimo cha mkojo na cha damu ni bei ndogo.

Basi leo, kabla ya chakula cha jioni, mwulize baba, mama au shangazi mwenye presha: karatasi yako ya mwisho ya maabara iko wapi? Isome pamoja naye. Ikiwa haina eGFR na hakuna kipimo cha mkojo, mmejua la kufanya Jumatatu.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaaliwa.