Mwenye kisukari, maziwa nayo yahesabiwe

SIKU hizi katika nyumba zetu akigundulika mtu ana kisukari, vitu vya kwanza kuondolewa kwenye sinia lake ni wali, ugali na chapati. Habari ya kula wanga kidogo imeenea, na wapo ambao imewasaidia kweli: sukari imeshuka na uzito umepungua. Lakini wapo pia wanaolalamika kuwa wameacha ugali, wameacha ndizi, wameacha hata tende, na bado kipimo cha asubuhi kinasoma 10 au 12. Ukiwauliza wanakunywa nini usiku, jibu ni moja: "Maziwa tu." Hilo neno "tu" ndilo tunalotaka kulizungumza.

Maziwa ni neema. Allah (s.w.) ameyataja katika Surat An-Nahl, aya ya 66, kuwa ni mazingatio kwa wanadamu. Na katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayekunywa maziwa aombe abarikiwe na azidishiwe hayo hayo, kwa sababu hakuna kitu kinachotosha kuwa chakula na kinywaji kwa pamoja kama maziwa. Wengi huichukua hadithi hiyo kama ruhusa ya kunywa bila kipimo. Kwa maoni yangu, mwenye kisukari aisome kwa jicho jingine: ameambiwa wazi kuwa maziwa ni chakula, na chakula chake yeye hupimwa.

Tupige hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi, takriban gramu 5 katika kila mililita 100. Glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Anayekunywa nusu lita kabla ya kulala amekunywa kama gramu 24. Ni kweli sukari ya maziwa haipandi mwilini kwa kasi kama soda, lakini hupanda. Kama mtu amejiwekea kiwango cha gramu 50 za wanga kwa siku, karibu nusu yake imekwisha kabla hajagusa chakula.

Kosa kubwa ninaloliona madukani ni mgonjwa kuchagua pakiti iliyoandikwa kuwa maziwa yameondolewa mafuta, akidhani ndiyo "maziwa ya wenye sukari". Kilichoondolewa pale ni mafuta, laktosi imebaki vile vile. Maziwa hayo yana nishati ndogo zaidi, na yanaweza kumfaa anayepunguza uzito au aliyeshauriwa na daktari kwa ajili ya moyo. Ama kwa wanga, hayana nafuu yoyote. Mwenye kula wanga kidogo, ambaye hana katazo la daktari, ni bora anywe maziwa halisi nusu glasi akashiba kuliko glasi mbili za maziwa mepesi ambazo baada ya saa moja ana njaa tena. Na maziwa yaliyotolewa laktosi, yanayouzwa kwa wale ambao matumbo yao hayapatani na maziwa, nayo yasimdanganye mtu. Laktosi yake imevunjwa tu ikawa sukari mbili nyepesi, ndiyo maana ni matamu zaidi. Wanga kwa kawaida ni ule ule.

Mtindi ni bora kidogo, kwani vijidudu vinavyougandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi. Sehemu, siyo yote. Uchachu siyo ushahidi kuwa sukari imekwisha. Na mtindi wa vanila au stroberi, ule wa vikopo vya rangi, kwa kawaida umeongezwa sukari. Huo ni peremende ya kunywa. Maziwa ya kopo mazito matamu ndiyo yasiingie kabisa kwenye chai ya mgonjwa, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

Maziwa ya mbuzi yanakaribiana na ya ng'ombe. Ya ngamia nayo hali ni hiyo, ingawa yanauzwa kwa sifa ya kuwa dawa. Watafiti wa Bikaner, India, walichapisha kazi zao miaka ya 2000 kuhusu wagonjwa wa insulini waliopewa nusu lita ya maziwa ya ngamia kwa siku, na baadhi yao walipunguziwa dozi. Lakini walikuwa wachache, na waliendelea kuchoma insulini chini ya uangalizi wa madaktari. Asitokee muuzaji akakwambia uache sindano. Na yachemshwe, kwani maziwa mabichi ya mnyama yeyote yanaweza kuleta homa ya brusela.

Kwa anayetaka wanga mdogo zaidi, maziwa ya soya yasiyotiwa sukari yana kama gramu 1 au 2 tu kwa mililita 100. Ya lozi ni machache zaidi, ila bei yake ni ya kutoka ng'ambo na protini yake ni haba. Ya shayiri na ya mchele yaachwe, hayo ni nafaka iliyosagwa kwenye maji. Tui la nazi halina wanga mwingi, lakini mafuta yake ni mazito. Kijiko kimoja au viwili kwenye chai vinatosha.

Sasa chai yenyewe. Mama wa nyumba asitie sukari kwenye sufuria, kila mtu atie kikombeni mwake. Chai ya maji yenye maziwa kidogo ina wanga usiofika gramu 3, wakati kikombe cha chai ya maziwa matupu ni kama gramu 10, na wapo wanaokunywa vinne kwa siku. Ramadhani mambo huzidi: uji wa maziwa wakati wa futari ni unga, laktosi na sukari ndani ya bakuli moja.

Tahadhari mbili. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asikate wanga ghafla bila kumwona daktari apunguziwe dozi, sukari inaweza kushuka akaanguka. Na ikishuka, akiwa anatetemeka na kutoka jasho, maziwa siyo ya kumwokolea, ni ya polepole. Apewe sukari kwenye maji, hata kama amefunga, swaumu ataikidhi. Tahadhari ya pili ni kwa wenye figo dhaifu na watoto: hawa wasibadilishiwe maziwa kwa kusoma gazeti.

Kwa wengine, mwenye mashine ya kupimia nyumbani apime kabla ya kunywa maziwa yake na apime tena baada ya saa mbili. Afanye hivyo siku tatu, kwa glasi ile ile, aandike kwenye daftari na aende nalo kliniki.